Viganja vya Mama Legeza

Huko Kalundu, kusini mwa mji wa Uvira, ukiulizia nyumba ya Chadia binti Jumaine watu watakutazama na kukuuliza ni Chadia yupi. Sema Mama Legeza, na hata kuku atakuonyesha njia. Jina hilo alipewa na wazamiaji, tena si kwa heshima. Neno lake kubwa mbele ya ziwa, asubuhi hadi jioni, lilikuwa hilo moja: legeza. Legeza kamba. Legeza mpira. Usivute, legeza. Mtu akimsikia kwa mbali angeweza kudhani ni mwanamke mvivu anayewafundisha wenzake uvivu.

Kazi yenyewe yataka maelezo, maana hata Uvira kwenyewe wengi hawaijui. Pale mlima unapoingia majini bila kuaga, kuna mawe makubwa yaliyolundikana chini ya ziwa, na kati ya mawe hayo wanaishi samaki wadogo wa rangi ambao hakuna anayewala. Hununuliwa wakiwa hai. Huvushwa mpaka wa Kavimvira ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, hupandishwa ndege Bujumbura, huenda kuogelea ndani ya vioo sebuleni kwa watu wa Ulaya. Chadia aliwahi kuonyeshwa picha ya kioo cha namna hiyo kwenye simu. Aliitazama sana, kisha akauliza samaki hao wakifa hutupwa wapi.

Kuwakamata lazima mtu azame. Mzamiaji huvaa miwani ya maji, hufunga kiunoni mkanda wa vipande vya risasi vya kumzamisha, na huuma kinywani mwisho wa mpira mrefu unaomletea hewa kutoka kwenye mashine iliyowekwa juu ya jiwe ufukweni. Mpira huo umefungwa pamoja na kamba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mwisho mmoja uko kwa mzamiaji, na huku juu kamba iko mikononi mwa Chadia. Yeye humwongezea urefu anapokwenda, humpunguzia anaporudi, hutazama mapovu, husikiliza mashine na huisoma kamba. Mshtuo mmoja maana yake niko salama. Miwili, niongezee. Mitatu, narudi. Zaidi ya hayo hakuna lugha kati ya aliye chini na aliye juu.

Viganja vya Chadia vina makovu. Manene, yamekatiza kila kiganja toka upande huu hadi upande ule, na yanang'aa kuliko ngozi nyingine. Makovu hayo yalikuwa maarufu kuliko mwenyewe. Harusini wanawake waliwaonyesha wasichana: tazameni, hivi ndivyo mke anavyompenda mume. Chadia alikuwa akificha mikono ndani ya kitenge, nao wakasema ni mnyenyekevu. Siri ya mtungi, wahenga walisema, muulize kata.

Aliolewa na Jafari akiwa na miaka ishirini na mbili. Jafari alikuwa mtoto wa watu wa ziwa, wale Waislamu wa Uvira ambao babu zao walikuja na biashara ya chumvi na nguo na wakasahau kurudi. Alizamia samaki wa mapambo kwa tajiri mmoja aitwaye Venant, ambaye kila mtu humwita patroni. Siku moja mshika mpira wa Jafari alisinzia juu ya jiwe, mashine ikazimika, na Jafari akatoka majini akiwa na macho mekundu kama pilipili. Hakumpiga yule mtu. Alikwenda nyumbani, akala, akamwambia mkewe: "Kesho weye ndo utanishikia. Afadhali nishikiwe na muntu mwenye iko na haja na minye."

Basi Chadia akashika mpira kwa miaka kumi na mitatu, na Jafari hakupata hata mkwaruzo. Walizaa binti wawili, mkubwa akiitwa Mapendo. Adhuhuri Bibi Riziki, mama yake Jafari, alikuwa akiwaletea chakula pale pale kwenye jiwe, ugali na dagaa ndani ya sufuria iliyofungwa kitambaa, na kama chakula kimepoa alililaumu ziwa.

Kisha ziwa likapanda. Wasiokuwapo hawaelewi: maji hayakuja kwa kishindo, yalikuja kama mgeni asiyejua kuaga. Yalikula viwanja vya mboga, yakala vyoo, yakaingia vyumbani, watu wakahamisha vitanda, halafu wakahama wenyewe. Pale chini ya mwamba palikuwa na pango, Pango la Nyavu, ambamo wavuvi wa kokoro, wavu mrefu unaovutwa na watu wengi hadi pwani, waliweka nyavu zao tangu zamani. Watoto wa Kalundu walijikinga mvua humo. Jafari alilala humo usiku mwingi utotoni mwake akichunga nyavu za baba yake. Ziwa lilipopanda lango la pango likazama lote, na samaki wanaopenda giza wakahamia ndani.

Venant akapata habari kwamba wanunuzi wanawataka samaki hao. Chadia akasema hapana. Jafari akacheka. "Pango ile naijua sawa nyumba yangu. Nimelala mule." Na hapo ndipo lilipokuwa kosa, kosa la mtu wa pale peke yake, maana mgeni angeogopa. Jafari alilijua pango kavu. Alijua mahali pa kukalia na mahali pa kutundikia taa. Hakuwahi kuujua udongo wa chini unavyokuwa ukilowa miezi kumi, wala hakuwahi kupita pale kwenye kona akiwa na kamba nyuma yake.

Siku hiyo mapovu yaliingia chini ya mwamba yakapotea. Chadia akaongeza kamba, akaongeza, kisha ikatulia. Muda ukapita. Halafu kamba ikashtuka mara moja, mara nne, mara nyingi ovyo, kama ng'ombe aliyefungwa. Katika mishtuo yao haikuwemo hiyo. Chadia akavuta.

Nani angemlaumu? Watu wa ziwa hawana dawa nyingine ya kamba inayoshtuka. Kamba ikishtuka mkononi unavuta. Iwe samaki, iwe wavu, iwe mtumbwi, iwe mtu, unavuta. Mtoto wa Kalundu hujua kuvuta kabla ya kujua kuhesabu. Alipohisi imegoma akapiga ukelele, na watu wa kokoro waliokuwa pwani hapo karibu wakaja mbio, mbele yao Ngongo, mwenye nyavu, rafiki wa Jafari wa tangu utoto. Wa kwanza kwenye kamba alikuwa Chadia. Wa pili alikuwa Bibi Riziki, aliyekuwa amefika na sufuria. Aliitupa chini, akazungusha ncha ya kitenge chake kwenye kamba isimkate, akakaza miguu. Nyuma yao Ngongo na wanaume sita. Wakavuta kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuvutia kokoro. Kamba ilitembea kidogo, ikakaza ikawa chuma, ikapita viganjani mwa Chadia ikachukua nyama. Hakuachia. Baada ya hapo haikushtuka tena.

Aliyemtoa Jafari ni Sévère, mzamiaji wa huko Makobola, aliyefuatwa kwa pikipiki. Alikataa kuingia mpaka tope litulie, watu wakamtukana, akakaa juu ya jiwe akiwa amewapa mgongo. Alasiri ilipokaribia akaingia polepole, akamtoa. Jafari akaoshwa, akaswaliwa, akazikwa kabla ya jua kuzama, na watu wakasema ziwa limemchukua.

Lakini kabla ya kupanda pikipiki yake Sévère alimwita Chadia pembeni, nyuma ya ukuta wa nyumba iliyobomolewa na maji. Alikuwa na kipande cha mpira wa hewa kilichokatwa kwa kisu, urefu wa shubiri. Katikati kilikuwa bapa kama utepe.

"Mama," alisema, "ile pango inapinda. Pale ku kona kuko ufa, mukono unapita, kichwa haipite. Kamba ikilegea, inapita njia ya muntu. Mukivuta, inakimbilia njia fupi, inaingia mu ule ufa, na mupira unaingia nayo. Jiwe likaubana. Yeye hakubanwa. Hewa ndo ilibanwa. Nilimukuta iko anashika kamba, na kamba inamupeleka ku ufa." Akamnyoshea kile kipande. "Mungemuacha, angetoka peke yake. Alikuwa ameshageuka kurudi."

Chadia alikichukua kile kipande kwa mikono iliyofungwa vitambaa vya damu. Kupitia kwenye ukuta uliobomoka alimwona Bibi Riziki amekaa chini katikati ya wanawake, akisema kwa sauti iliyokauka kwamba walau walijaribu, walau yeye na mkamwana wake walivuta mpaka mwisho. Alilisema mara nyingi, na kila akilisema alipumua kidogo. Chadia akamwambia Sévère: "Usimuambie muntu." Sévère akaelewa, akaondoka.

Hivyo ndivyo alivyoimeza siri hiyo. Wala hakuimeza kwa ajili yake mwenyewe. Nafsi yake alikwisha ihukumu siku ile ile, na hukumu hiyo aliibeba kama mzigo wa kuni, bila kumwomba mtu amtue. Lakini alijua kwamba siku Bibi Riziki atakapojua kuvuta kulifanya nini, atajua pia nani alikuwa wa pili kwenye kamba. Mama hawezi kuambiwa kitu kama hicho. Chadia alikificha kipande cha mpira chini ya sanduku, kwenye kitambaa, akafunga mdomo.

Majuma yakapita, vidonda vikapona. Kila Ijumaa, watu wakisharudi msikitini, Bibi Riziki alikuwa akikaa na mkamwana wake kwenye mkeka, akamimina mafuta ya mbegu za mchikichi ndani ya kikombe na kumpaka viganjani, polepole, kovu kwa kovu. "Hii mikono," alikuwa akisema, "Mungu ameiona." Chadia alivumilia. Hakuna adhabu iliyomchoma kama yale mafuta.

Mtu angetegemea aache kazi. Hakuacha. Kwanza binti wawili hula. Pili, alikuwa na wazo lililomshika kooni: kwamba mpira wa mzamiaji yeyote pale Kalundu usishikwe na mkono usiojua ule ufa. Venant akamrudisha, na Chadia akawa mkali kuliko askari wa mpakani. Asiingie mtu Pango la Nyavu. Asizamishwe mtu kabla petroli ya mashine haijapimwa kwa kijiti. Na kamba ikishtuka vibaya asivute mtu, alegeze, asubiri.

"Juu ya nini tusivute?" wazamiaji walikuwa wakimuuliza.

"Ni sheria ya patroni," alijibu.

Venant mwenyewe hakuwa na habari na sheria hiyo. Na hapo ndipo Chadia alipoteleza, ingawa hakuwa na pa kukanyaga pengine. Sheria isiyo na sababu ni kama mlango usio na komeo. Watu huuheshimu wakiwa na hamu ya kuuheshimu. Wakamcheka. Wakamwita Mama Legeza. Walisema ameumia sana yule mama, amevuta mara moja akachanika, sasa anaogopa kamba. Aliyeumwa na nyoka, walisema, akiona ung'ongo hushtuka. Chadia alikuwa akiwasikia na kuuma ulimi.

Miaka minne ikaenda hivyo.

Mzamiaji wake wa mwisho aliitwa Vainqueur, kijana wa miaka ishirini na sita, mwimbaji wa kwaya, mtoto wa Mama Charlotte wa huko juu barabarani. Alikuwa mzuri majini, mwenye pumzi ndefu na mdomo mrefu zaidi. Alipenda kumtania Chadia. "Mama Legeza, hata chumvi mu mboga unalegeza?" Chadia alimpenda kwa siri, kwa sababu alikunja mpira wake vizuri baada ya kazi, kitu ambacho vijana hawafanyi.

Asubuhi ya siku yenyewe Vainqueur alisema atafanya kazi kwenye mawe ya nje, upande wa kulia wa mwamba. Akashuka. Chadia akaongeza kamba, macho kwenye mapovu. Mapovu yalikwenda kulia. Kisha yakageuka kushoto. Yakafuata ukingo wa mwamba kama mtu anayenyemelea jikoni, yakafika pale lango la pango lilipokuwa zamani, yakapotea.

Chadia alishtua kamba mara moja kumwuliza. Jibu likaja, moja: niko salama. Mjinga wa watu, salama gani. Alipiga magoti juu ya jiwe akaanza kumpa kamba kwa vidole, kidogo kidogo, isikaze wala isirundikane. Petroli ilikuwa nusu. Mashine ilinguruma sawasawa. Alianza kuhesabu pumzi zake mwenyewe.

Ilipofika adhuhuri Bibi Riziki alitokea kwenye njia na sufuria yake kichwani. Ngongo na watu wake walikuwa wakitandaza kokoro pwani, hatua hamsini hivi. Na hapo, kana kwamba ilisubiri wote wafike, kamba ikashtuka. Mara moja. Mara tano. Ovyo, kwa nguvu.

Tope limempanda, Chadia akajua. Amegeuka, haoni mkono wake, anapapasa. Akalegeza. Akampa mkono mzima wa kamba, na mwingine.

Lakini kamba ya ziwani haishtuki kwa siri. Mmoja wa watu wa kokoro aliiona inavyoruka juu ya jiwe akapiga kelele, na wote wakaacha wavu wao wakaja mbio. Ngongo alifika wa kwanza. Hakuuliza. Aliishika kamba kwa mikono yake mipana mbele ya mikono ya Chadia.

"Papa Ngongo, acha kamba."

"Mutoto ya bantu iko anakufa mule, weye unaniambia niache?"

"Iko anatafuta njia. Ukivuta unamufungia."

"Nani amekuambia? Patroni?" Ngongo alikuwa akihema. Wanaume walikwisha jipanga nyuma yake, mikono kwenye kamba, wakisubiri sauti. "Weye ulimuvuta bwana yako mpaka mikono ikapasuka. Huyu, juu si wako, aoze?"

Chadia alitaka kusema ni sheria. Lakini sheria ile ilikuwa imekwisha kazi yake. Hakuna aliyeiamini hata siku yenye jua na utulivu, seuze sasa. Ngongo alikaza miguu kwenye jiwe. Na pembeni yake Chadia akaona kitu ambacho mpaka leo hukiona akifumba macho: Bibi Riziki ameweka sufuria chini taratibu, amefungua ncha ya kitenge chake, na anakuja kwa hatua za kizee kushika nafasi yake kwenye kamba. Ile ile. Ya pili.

Kamba ikashtuka tena, kwa unyonge zaidi.

Kuna watu wanaodhani mtu hupewa muda wa kuchagua. Chadia hakupewa. Alikuwa na maisha ya mtoto wa Charlotte mkononi, na mbele yake mama aliyelala usingizi miaka minne kwa sababu ya kitu kimoja asichokijua. Alijilaza juu ya kamba kwa tumbo, uzito wake wote, uso ukielekea kwa mama mkwe wake.

"Nilimuvuta," alisema. "Na kule kumuvuta ndo kulimuua. Jafari alikuwa anatoka. Nilipovuta, mupira ukaingia mu ufa wa jiwe, ukabanwa, hewa ikakatika. Sévère alimukuta vile. Alinipa kipande ya mupira, iko mu nyumba, nitawaonyesha. Hakuna ziwa lililomuua. Ni minye. Minye peke yangu."

Mashine ilinguruma. Ngongo alitazama kamba mikononi mwake kama mtu aliyeambiwa ameshika nyoka.

"Hapana weye peke," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo haikumkusudia mtu. "Tulikuwa tisa."

"Minye peke," Chadia akarudia, karibu kwa kumwomba.

"Tisa," akasema Ngongo. Alikuwa akihesabu kwa midomo. Alipofika kwenye jina la pili alinyamaza, akageuza macho upande, lakini alikuwa amechelewa. Bibi Riziki alikwisha simama. Ncha ya kitenge ilikuwa bado mkononi mwake, imekunjwa tayari kuzungushwa.

Ngongo akaachia kamba. Watu wake wakaachia mmoja mmoja.

Chadia akainuka akarudi magotini. Hakumtazama tena mtu. Aliitwaa ile kamba iliyokuwa imeanza kukaza akairudisha majini, mikono mitatu, minne, mpaka ikalala kabisa. Kisha akasubiri. Kusubiri huko hakuna wimbo wake. Watu wa kokoro walisimama mikono ikiwaning'inia, hawakujua waiweke wapi. Mmoja alianza kulia kwa hasira. Mama Charlotte alikuwa ameitwa, alisikika kwa mbali akiteremka njiani na kumtaja Yesu. Kijiti cha petroli kilionyesha vidole viwili. Chadia alihisi, au alidhani anahisi, kitu kikitembea kwenye kamba kule mbali, kama panya ndani ya ukuta. Kikasimama. Kikatembea tena.

Mshtuo mmoja. Akaujibu.

Halafu mapovu yakatoka chini ya mwamba, ya kwanza machache, kisha mengi, na kamba ikashtuka mara tatu kwa utaratibu, kama walivyofundishana. Alimkusanyia kamba kwa vidole viwili tu, bila kuvuta hata unyoya. Vainqueur alitoka maji yakiwa yamemfika kifuani, kucha zake zimevunjika, damu ikimtoka puani na sikioni, akakaa kwenye kokoto akatapika. Alipoweza kusema alisema hivi: "Ilikaza kidogo, ikanipeleka ku jiwe. Nikasema ndo basi. Kisha ikalegea."

Sikio lile halikupona. Siku hizi analima mpunga huko Sange, na husimama upande wa kulia wa mtu ili asikie. Mama Charlotte alikuja na kuku, akataka kumshika Chadia mikono ashukuru, na Chadia akampokea yule kuku haraka ili mikono iwe na kazi.

Pale Kalundu sasa hakuna anayelicheka neno legeza. Wanaume wa kokoro wamekubaliana wenyewe kwamba kamba ya mzamiaji ikishtuka, mikono iende mgongoni, na Ngongo huwaeleza wageni wanaoshuka kutoka Bijombo na Mulenge kutafuta kazi ziwani. Huwaeleza kwa jina la Jafari, tangu mwanzo hadi mwisho, naye hujitaja. Sheria imepata sababu yake, na imeshika. Ingeweza kushika miaka minne kabla, kama mtu mmoja angekuwa tayari kuilipia. Chadia hulijua hilo, wala hajisamehe nalo.

Bibi Riziki alichukua sufuria yake jioni ile akarudi nyumbani. Kilichobadilika ni mikono. Aliitia ndani ya kitenge na haikutoka. Yeye aliyekuwa akiwagombeza wajukuu kwa kula kwa kijiko, sasa alikula kwa kijiko. Mapendo akimsogezea maji ya kunawa aligeuza uso. Ijumaa ya kwanza hakuleta mafuta. Ya pili hakuleta. Chadia alikaa kwenye mkeka peke yake saa ile ile, akitamani mafuta aliyoyachukia miaka yote.

Ijumaa ya tatu mama mkwe akaja akaketi mbele yake. Kikombe hakuwa nacho.

"Nipe ile kipande."

Chadia akaenda kwenye sanduku, akarudi na kitambaa, akakifungua. Bibi Riziki alitoa mkono mmoja kwenye kitenge, akapitisha kidole juu ya ule ubapa, kwenda na kurudi, kama anayepapasa kitambaa sokoni.

"Ku kamba," akasema, "minye nilikuwa wa ngapi?"

"Wa pili, mama."

"Nyuma yako."

"Nyuma yangu."

"Nilivuta sana?"

Chadia alikuwa ameliandaa jibu hilo kwa majuma matatu, kitandani, jikoni, juu ya jiwe. "Weye uliishika tu, mama. Hata hukuvuta. Ulikuwa umechoka na njia."

Mzee akakiweka kipande cha mpira kwenye paja lake. Akatoa na mkono wa pili, akafungua viganja vyake vyote viwili mbele ya mkamwana wake: laini, vyenye mikunjo, bila kovu hata moja, kwa sababu siku ile alikuwa amevizungushia kitenge.

"Usinidanganye, Mama Mapendo," akasema. "Siku ile nilikuwa na nguvu."